Moyo wa Mama Kalunde

Ilembo, Mpanda

Dada yangu Matilda,

Shikamoo dada. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, tena peke yako, maana nakujua, ukiwa umesimama jikoni utairuka nusu nzima. Mimi ni mzima. Nakula, nalala vizuri, kazi ipo. Nyie hamjambo huko Mbinga? Mguu wa mama umepungua kuvimba, au bado anaukanda na yale majani yake na kukataa kuambiwa? Na kahawa mwaka huu imezaaje? Nilisikia Gaudensia amefaulu kwenda sekondari. Mwambie mjomba wake alifurahi mpaka akasimamisha kazi na kuwatangazia watu waliokuwa wamekuja kununua milango, ambao hata hawamjui.

Utauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Jibu unalo mwenyewe. Simu yako hupokewa na yeyote aliye karibu nayo, na wewe ukipokea unaweka spika, basi nyumba nzima inasikiliza. Haya ninayotaka kukueleza yanagusa hali yangu, na hapo nyumbani ni wewe tu unayejua kwamba naishi na virusi. Kuna mwalimu wa huko kwetu anafundisha huku, anarudi likizo, nikamwomba akukabidhi bahasha hii mkononi mwako.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Dawa nameza kila siku, na kipimo cha mwisho kilionyesha virusi vyangu ni vichache mno, mashine haivioni. Habari ninayokuandikia ni ya Mama Kalunde, mwenye nyumba wangu. Nimekuwa nikikutajia jina lake kwenye simu bila kukueleza ni mtu wa namna gani, na nahisi nimekunyima kitu.

Mama Kalunde ni Mkonongo wa Inyonga, mjane, ameingia kwenye uzee sasa ingawa ukimwambia hivyo atakutolea macho. Nilipofika Mpanda sikuwa na mtu. Nilipanga chumba kwake, na baadaye akanipa banda la mbele ya nyumba niligeuze karakana ya useremala. Wakati ule kliniki ya dawa nilikuwa naikwepa. Nilitaka niende mji mwingine ambako hakuna anayenijua, na nauli ikikosekana nakosa dawa. Sijui aligunduaje. Siku moja aliniletea uji, akakaa kwenye gogo la mninga, akaniambia yeye amemeza dawa hizo tangu enzi ambazo watu walizipata kwa shida, mume wake hakuwahi kuzifikia, na keshokutwa anakwenda kliniki kwa hiyo nivae shati safi tuongozane. Hakuuliza. Nikavaa shati.

Hapo kliniki nikakuta ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha watu tunaotumia dawa. Dada, huyu mama alikuwa anabeba gunia la mahindi kichwani huku anakusimulia habari. Alilima mpunga, alirina asali, na kwenye harusi alicheza mpaka vijana wanakaa chini. Mtu mpya akija kliniki analia, tabibu anamwonyesha Mama Kalunde tu. Na yeye alizoea kusema: "Nitazameni mimi." Wengi wetu tulianza dawa kwa sababu ya neno hilo. Mmoja wao ni Shija, Msukuma ninayefanya naye kazi karakanani, mtu mrefu, mpole, ana mke na watoto wadogo. Mama Kalunde alimfuata nyumbani kwake mara nyingi kabla hajakubali kupima.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, baada ya mavuno. Mama Kalunde alikuwa uani anapura maharage. Mimi na Shija tulikuwa bandani tunaunga fremu ya kitanda. Nilisikia ule mlio wa fimbo umekatika, nikadhani amepumzika. Shija ndiye aliyegeuka kwanza. Tukamkuta ameketi juu ya maganda, mkono mmoja ameshika taya, jasho linamtiririka kama amemwagiwa maji, na kulikuwa bado na baridi ya asubuhi. Nikamuuliza kama ni jino. Akasema ni gesi tu, imempanda kifuani, itashuka. Jirani akaja na tangawizi, akasema ni vidonda vya tumbo, hata shangazi yake vilimshika hivyohivyo. Mama Kalunde akataka kusimama arudi kwenye maharage yake, na miguu ikakataa.

Shija hakubishana na mtu. Alimnyanyua kama mtu anavyonyanyua mtoto, mimi nikasimamisha bajaji barabarani, tukampeleka hospitali. Njiani alikuwa anapumua kwa shida na bado anatuagiza tuanue maharage kabla kuku hawajayamaliza.

Daktari alituambia ni moyo. Mshipa mmoja unaolisha moyo ulikuwa umeziba sehemu, damu haipiti sawasawa, na presha ilikuwa juu sana. Alisema tumewahi, na kwamba tangawizi ingemmaliza, kwa sababu ingempotezea muda. Walimlaza, wakampa dawa, na hali ilipotulia wakamwandikia kwenda Mbeya kwa vipimo vikubwa. Binti yake Kalunde, aliyeolewa Inyonga, alikuja na basi, wakaenda pamoja, wakarudi na mfuko wa vidonge na masharti mengi: chumvi kidogo, mafuta kidogo, asibebe mizigo, atembee kidogokidogo kila siku.

Mimi nilifikiri habari imeishia hapo, tumshukuru Mungu. Kumbe ndipo ilipoanza.

Wakati yeye yuko Mbeya, mtaani na kliniki yakazuka maneno. Watu walisema zile dawa za virusi zimemla moyo. Miaka yote ile zilikuwa zinamtafuna polepole, sasa zimefika kwenye moyo. Maneno yalipita kwenye foleni ya maji, yakapita sokoni, kila mtu akiongeza lake. Tabibu wetu wa kliniki, dada mmoja kijana asiyechoka kuelekeza, aliona watu wanapungua siku za dawa. Na Shija, dada, Shija aliyemshika mikononi akiona anavyohema, naye aliacha.

Aliniambia tukiwa tunapiga msasa. Alisema ameona kwa macho yake, hakusimuliwa. Virusi vinaua polepole, mtu anaweza kupata muda wa kusomesha mtoto; moyo unaua asubuhi ukiwa unapura maharage. Nilimwambia ninayoyajua, hayakuwa mengi. Alinisikiliza kwa heshima yote, akaendelea kupiga msasa. Baada ya hapo akaacha pia kuja kazini, akasema ana matofali ya kufyatua kwake.

Mama Kalunde aliporudi, Kalunde alimficha habari hizo. Alitaka mama yake apumzike. Tena alikuwa na mpango wake, ambao alinieleza na mimi: watu waambiwe mama aliumwa malaria kali, halafu ahamie Inyonga kwa binti yake, aondoke kwa heshima yake, watu wabaki wanamkumbuka mzima. Sikumlaumu. Mtoto gani anataka mama yake awe mfano wa ugonjwa?

Lakini Mama Kalunde alikwishasikia. Jirani wa tangawizi alikuwa amemwambia yote dirishani. Alituita chumbani mimi na Kalunde, akiwa ameegemea mto, sauti ndogo, na akatuambia jambo ambalo hatukulijua. Kwamba muda mrefu kabla ya kuanguka, tabibu alimpima presha akaikuta juu, akampa vidonge na kumwomba asivikose. Alivichukua, akavificha chini ya vitenge vyake, hakumeza hata kimoja. Aliona mwenyekiti ambaye watu wote wanaambiwa wamtazame hawezi kuanza kuugua mbele yao. Aliogopa wangesema hayohayo wanayoyasema sasa.

Kalunde alilia. Akamwambia, basi, mama, hiyo ni sababu nyingine ya kusema malaria.

"Nikisema malaria," Mama Kalunde akamjibu, "nitakuwa nimemponya nani?"

Siku ya mkutano wa kikundi, Kalunde alimpeleka na bajaji. Tunakutana kwenye lile banda la kusubiria, mabenchi ya mbao, ukuta umepakwa rangi ya bluu nusu. Banda lilijaa kuliko kawaida, wengine nadhani walikuja kuona kama kweli bado yu hai. Dada, alikuwa amekonda, na aliingia amemshika binti yake bega. Huyu mama aliyezoea kutufokea tukichelewa! Hakusimama, aliongea akiwa amekaa.

"Nimewaambia mara nyingi mnitazame mimi," alisema. "Leo pia nitazameni. Naumwa moyo. Sikurogwa, na wala si malaria. Tabibu aliniambia nina presha, nikaona aibu, vidonge nikavificha. Kilichoniangusha ni kile nilichoficha. Kile nilichomeza kila siku ndicho kilichonifikisha uzeeni."

Mzee mmoja nyuma akauliza, kwa adabu, kama kweli dawa za virusi haziumizi moyo, maana yeye anataka kuambiwa ukweli, asibembelezwe. Mama Kalunde akamgeukia tabibu, akamwambia ajibu wala asipunguze kitu.

Na tabibu hakupunguza. Nitakueleza kama nilivyoelewa. Alisema ni kweli sisi tunaoishi na virusi tunapata magonjwa ya moyo na ya mishipa kuliko wenzetu. Sababu kubwa ni virusi vyenyewe. Hata vikilala, mwili haulali, unakaa kama moto uliofunikwa majivu, na joto lile linachubua mishipa ya damu taratibu, mafuta yanapata pa kunasa. Ukiongeza presha, sukari, sigara na uzito, unauchochea. Akakubali kwamba zipo dawa, hasa za zamani, zinazoweza kupandisha mafuta kwenye damu, na nyingine zinaongeza uzito, ndiyo maana tunatakiwa kupimwa na dawa ikibidi inabadilishwa. Lakini anayeacha dawa anauamsha ule moto wote, na moyo ni miongoni mwa vitu vinavyoungua. Kisha akatoa mashine ya presha, akasema leo anampima kila aliye tayari.

Watu walitazamana. Mama Kalunde akanyoosha mkono wake yeye kwanza, namba ikasomwa kwa sauti, bado haikuwa nzuri, na hakuificha. Baada yake walipanga mstari. Wengi walikutwa na presha na hawakuwa wanajua.

Mimi pia nilipanga mstari, dada. Yangu ilikuwa juu. Siyo ya kutisha, lakini juu. Tabibu aliniuliza kuhusu sigara, na wewe unajua jibu, uliwahi kunivunjia pakiti nzima mlangoni kwako. Nimepewa kidonge kimoja cha presha na sigara nimeziacha. Naziota ndotoni, ila nimeziacha. Nakuomba usiogope, mimi mwenyewe niliogopa siku ya kwanza tu, na siku hiyo nilipata wa kumtazama.

Shija hakuwepo mkutanoni. Mama Kalunde aliona ile nafasi kwenye benchi kabla ya mtu yeyote. Tukiwa tunatoka akaniambia nimpeleke kwake. Kalunde akakataa, nami nikakataa, tukamwambia Shija ataitwa aje. Akasema mtu anayeogopa haitwi, anafuatwa.

Shija anakaa mwisho wa Ilembo, nyumba zinapoisha na mashamba yanaanza, na bajaji haifiki mlangoni kwa sababu ya makorongo. Ilibidi tutembee kipande. Nilimshika mkono. Alitembea, akasimama, akapumua, akanitania kwamba natembea kama bwana harusi, akaendelea. Mahali pamoja alikaa kwenye kichuguu na sikupenda rangi ya uso wake. Nikamwambia turudi. Alinyoosha mkono nimwinue.

Tulimkuta Shija amejaa udongo mpaka viwikoni. Alipomwona aliacha kibao cha matofali kikaanguka. Mke wake akaleta kiti na maji. Shija alisimama tu, hakujua mikono aiweke wapi. Mwishowe akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa kuliko aliyekasirika: "Mayu, wewe ndiye ulituambia tukimeza tutakuwa kama wewe. Sasa tumtazame nani?"

Mayu kwao ndiyo mama. Mama Kalunde alikunywa maji kwanza, nadhani pumzi ilikuwa haijamrudia. Halafu akamwambia: "Mimi. Hivihivi nilivyo, naumwa na nimekuja kwa miguu."

Shija akainamisha kichwa.

"Mwanangu, baba yake Kalunde hakuugua moyo," akaendelea. "Hakuugua presha, hakupata hata mvi. Hakufika huko. Mimi nimefika. Moyo kuchoka ni deni la aliyeishi, na deni hilo lina dawa yake, nilikuwa mjinga tu sikuimeza. Wewe unataka usifike uzee kwa kuogopa magonjwa ya wazee?"

Mke wa Shija alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Sijui kama alijua mumewe ameacha dawa. Kwa jinsi alivyomtazama, nadhani alikuwa hajui. Shija hakuahidi kitu. Alinawa mikono, akasema jua linapanda, Mayu hatarudi kwa miguu. Akamweka kwenye baiskeli yake, kwenye kiti cha nyuma, akaisukuma mpaka barabarani huku mimi nimeshikilia upande, na njia nzima hakuna aliyetaja dawa.

Siku ya kliniki iliyofuata alikuja. Alikaa pembeni kabisa, kofia imeshushwa. Tabibu hakumfokea, alimpima damu na presha, akamrudisha kwenye dawa na kumwambia aje mapema zaidi kuangaliwa, kwa sababu virusi vinapoamka vinaweza kuizoea dawa, isifanye kazi tena. Majibu yake yametoka juzi, virusi vimeshuka tena. Alinionyesha yeye mwenyewe, akarudi kupiga randa, na siku nzima alikuwa anaimba za kwao za kilimo.

Mama Kalunde hakuhamia Inyonga. Binti yake alikaa naye mpaka aliporidhika, akarudi kwa mume wake. Kwenye mkutano aliomba tumchague mwenyekiti mwingine mwenye miguu, tukakataa wote kwa pamoja, akatukasirikia, nadhani kwa furaha. Jikoni kwake sasa ni vita. Dagaa wa Karema anawaloweka mpaka chumvi iwatoke na ladha yao pamoja, halafu ananiuliza kama ni watamu. Namwambia ni watamu. Vidonge vyote, vya virusi na vya moyo, viko juu ya meza ya sebuleni, kila mgeni anaviona, na mgeni akiuliza anaelezwa mpaka chai inapoa.

Dada, nimeishi na watu wengi jasiri, na wewe ni mmoja wao. Ila sikuwahi kumwona mtu aliyejengewa jina kubwa na afya yake, akalitoa jina hilo mwenyewe mbele za watu ili wenzake wasipotee. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa vitenge vyake. Naandika haya ili nyumbani awepo mtu mmoja anayejua huku niliko naishi kwa nani.

Siku hizi kila Jumapili baada ya ibada kikundi chetu kinatembea, Wakristo na Waislamu, kutoka kliniki mpaka kwenye mashamba ya mpunga na kurudi. Tabibu alitushauri, kwa ajili ya moyo. Vijana wetu wana miguu, wangeweza kwenda na kurudi mara mbili. Shija ndiye anayetangulia mbele. Anatembea polepole kama mtu anayechunga ng'ombe mwenye ndama mchanga, haangalii nyuma, anasikiliza tu hatua za nyuma yake, na zikisimama anasimama. Mama Kalunde yuko katikati yetu na kanga yake amejifunga kiunoni. Anatuambia tumpite, tusimngoje. Hakuna hata mmoja anayempita.

Nisalimie mama, umkumbushe mguu aupeleke hospitali, na wakimwangalia mguu wampime na presha. Msalimie shemeji Fidelis, mume wako mvumilivu, na mjomba Kosmasi aliyenifundisha kushika randa. Mwambie randa yake bado inakata. Mpe Gaudensia pongezi zangu, na wale mapacha wa shangazi waambie nikija watatembea wenyewe, mimi siwezi kuwabeba tena. Mama Kalunde naye anakusalimu sana. Amesema dada aliyemlea kijana anayekubali kula dagaa wasio na chumvi, huyo ni mtu wa kuheshimiwa.

Ukae na amani, dada.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Damasi